Chajio cha Wawili kwa Bei ya Mbuzi

Msikilizaji, kuna lalamiko moja ambalo halikosi kusikika kila inapotajwa migahawa ya Kiitalia iliyomo ndani ya hoteli za nyota tano, iwe ni Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa. Watu wanauliza: tambi ni unga na maji, nyanya ni nyanya, jibini ni maziwa yaliyogandishwa, inakuwaje chajio cha watu wawili kifikie bei ya mbuzi? Tena mbuzi mzima, na kichwa chake na utumbo wa supu. Lalamiko hili lina haki yake, na wale wanaolijibu kwa kusema eti mlalamikaji hajastaarabika hawana jibu. Ila naona hesabu yenyewe imeanzia pasipofaa. Anayepima bili ya namna hiyo kwa bei ya unga na nyanya anafanana na abiria anayetaka nauli ya basi ikadiriwe kwa uzito wa kiti alichokalia. Wawili waliokwenda kuvishana pete ya uchumba, kuadhimisha mwaka wa ndoa au kupatana baada ya ugomvi wa wiki mbili wananunua muda wa kukaa mahali bila kuitwa, bila kukimbizwa na bila kunyanyuka. Tambi ni kisingizio, ingawa ni kisingizio kitamu. Na nikishasema hivyo, nitasema pia kwamba hoteli nyingi zinapokea bei ya muda halafu muda wenyewe hazitoi.

Ushahidi wa kwanza unatoka Italia kwenyewe. Ingia baa ya kahawa Milano au Roma asubuhi, utakuta espreso ileile ina bei mbili: ya anayeinywa amesimama kaunta, na ya anayeketi mezani akaletewa. Mashine moja, kikombe kimoja, buni moja. Caffè Florian, mkahawa uliopo kwenye uwanja wa San Marco mjini Venezia tangu mwaka 1720, umeifikisha tofauti hiyo mahali ambapo mtalii huisoma bili mara mbili, na bendi ikiwa inapiga, muziki nao una malipo yake. Mgahawani, mara nyingi utaona kwenye bili mstari unaoitwa coperto, pesa kidogo kwa kila kichwa kwa ajili ya kitambaa cha meza, mkate na kule kukaa tu. Waitalia hawajawahi kuficha kwamba kiti kina bei. Hoteli kubwa ilichofanya ni kuufuta mstari ule na kuuzamisha ndani ya bei ya sahani, na hapo ndipo mteja wetu anapodhani ametozwa maelfu kwa ajili ya nyanya.

Historia ya hoteli inasema hivyo hivyo. Hoteli ya Savoy ilipofunguliwa London mwaka 1889, mwanamke wa Kiingereza mwenye heshima zake hakuwa na desturi ya kula usiku mbele za watu. Alikula kwake au kwa wenziwe. César Ritz, mtoto wa familia ya wakulima wa Uswisi aliyekabidhiwa hoteli hiyo aiendeshe, akiwa na mpishi Auguste Escoffier, aligeuza kula hadharani kukawa fahari. Walipoifungua Ritz ya Paris mwaka 1898, inasimuliwa kwamba Ritz alimkalisha mkewe, Marie, saa nyingi huku fundi wa umeme akibadilisha vitambaa vya kufunikia taa kimoja baada ya kingine, mpaka ikapatikana rangi ya waridi iliyokaribia chungwa, ambayo ilimpendeza usoni kuliko zote. Angalia, msikilizaji: hapo jiko halijatajwa. Kabla supu haijachemka, mwenye hoteli alikwisha kujua kwamba anauza namna mtu atakavyoonekana kwa mwenzake kwa saa tatu.

Lakini jiko la Ritz lilikuwa la Kifaransa, na majiko ya hoteli za fahari yakabaki ya Kifaransa kwa sehemu kubwa ya karne iliyofuata. Chakula cha Kiitalia, machoni pa wakubwa wa New York na London, kilikuwa cha wahamiaji, cha kujaza tumbo. Mapenzi ndiyo yaliyokifungulia mlango mapema kuliko wakaguzi wa migahawa. Mjini Roma alikuwepo mwenye mgahawa Alfredo di Lelio, ambaye husemwa alimpikia mkewe tambi pana zenye siagi na jibini tele alipokosa hamu ya kula baada ya kujifungua. Mwaka 1920 Mary Pickford na Douglas Fairbanks, nyota wawili wa sinema waliokuwa wakijulikana dunia nzima, walifika kwake wakiwa kwenye fungate yao, wakala, na baadaye wakamtunuku uma na kijiko vya dhahabu. Zawadi yenyewe inaeleza walichokipenda. Tambi, siagi na jibini vilipatikana kila nyumba ya Roma. Jipya lilikuwa yule bwana mwenye masharubu aliyesimama kando ya meza yao akizigeuza tambi ndani ya bakuli, akizinyanyua juu na kuzishusha mpaka siagi na jibini vikashikana kuwa mchuzi, kana kwamba jioni ile hakuwa na mteja mwingine.

Heshima rasmi ilichelewa. Gualtiero Marchesi, aliyezaliwa mwaka 1930 mjini Milano kwa wazazi waliokuwa na hoteli yenye mgahawa, ndiye aliyekifikisha chakula cha kwao kileleni: mwaka 1985 mgahawa wake ulikuwa wa kwanza nchini Italia kupewa nyota 3, daraja la juu kabisa, na kitabu cha Michelin cha kukadiria migahawa. Sahani yake iliyopata sifa kuliko zote, ya mwaka 1981, ni risoto ya zafarani yenye kipande cha karatasi ya dhahabu juu yake. Mtu anaweza kucheka kwamba dhahabu hailiki kwa maana yoyote ya kushiba, na acheke. Mimi kinachonivuta ni kilicho chini ya ile dhahabu, yaani wali.

Maana risoto ndiyo mahali ambapo hoja yangu inaweza kupimwa kwa saa ya mkononi. Mpishi anakaanga kitunguu kwenye siagi bila kukiachia kibadilike rangi, anatia mchele wa aina ya Carnaroli au Arborio bila kuuosha, kwa kuwa ule wanga unaotufanya tuoshe wetu mara tatu yeye anautaka. Punje zikishapata joto na kingo zake kuanza kung'aa, anamimina divai nyeupe kidogo, anaiacha ikauke, halafu anaanza kutia supu ya moto, upawa mmoja kwa mmoja, huku akikoroga. Mpishi wa pilau anajua kufunika na kusubiri. Huyu hana ruhusa ya kuondoka. Zinapita dakika kama 18. Sufuria inaepuliwa, inatiwa siagi baridi na jibini la Parmigiano, inapigwa kwa mkono wenye nguvu, na ukiinamisha sahani wali unateremka wote pamoja, kama wimbi dogo linalofika ufukoni limechoka. Mtu wa Pwani akiuona mara ya kwanza atasema umekuwa mashendea. Akionja atakuta punje bado ina uti katikati, na atajua kwamba hayo si makosa ya mpishi.

Sasa, dakika 18 haziwezi kuchukuliwa kwenye friji. Zipo njia za mkato, na majiko mengi yanazijua: mchele unapikwa nusu mchana, unatandazwa kwenye sinia upoe, na usiku ukiagizwa unamaliziwa kwa dakika chache. Mteja analetewa haraka, anafurahi, na wali una ulegevu wa jana. Kwa hiyo nawapa wasikilizaji kipimo ambacho hakihitaji ujuzi wa divai wala Kiitalia. Mhudumu akikwambia kwa upole kwamba risoto itachukua kama dakika 20, mshukuru, hapo pana mpishi. Ikifika baada ya dakika 7, umelipia sinia la mchana.

Kipimo hichohicho kinajibu swali ambalo wasikilizaji wengi wa Kiislamu wanalo, na wana haki nalo: jiko hili lina nyama ya nguruwe na divai kila kona, litamfaa nani kwetu? Ni kweli karbonara ya asili ina nyama ya shavu la nguruwe, na risoto huanza na divai. Lakini tambi za nyanya na mrehani, samaki wa kuchoma kwa mafuta ya zeituni na ndimu, tambi za jibini na pilipili manga, hizo hazina hili wala lile. Na muhimu zaidi, jiko linalopika kila sahani tangu mwanzo linaweza kuiacha divai ukiliomba, likatumia sufuria na uma safi. Jiko linalopasha moto haliwezi, kwa sababu divai ilikwisha kuingia saa nane mchana. Uliza unapoweka nafasi, siyo ukishakaa. Jibu la kigugumizi nalo ni jibu.

Kuna jambo jingine linaloufanya mlo wa Kiitalia ufae wawili kuliko karamu nyingi tamu zaidi yake, nalo ni mpangilio. Kwetu sinia huja na kila kitu: wali, nyama, kachumbari, ndizi, pilipili. Ni mpangilio wa jamaa wengi, wa mikono mingi kuelekea kitu kimoja, na kwa kazi hiyo hauna mpinzani. Waitalia wanakata mlo vipande: kianzio kidogo, halafu tambi au risoto, halafu nyama au samaki peke yake, halafu kitamutamu, halafu kahawa, tena kahawa tupu baada ya kitamutamu kuondoka. Kati ya kipande na kipande meza hubaki nyeupe. Hakuna cha kushika. Hapo ndipo watu wawili wanalazimika kutazamana na kusema, na wakikosa la kusema wajue pia. Mlo wa namna hii una mapumziko manne yaliyojengwa ndani yake, na ndiyo hayo mpenzi aliyebeba pete mfukoni anayatafuta, maana huwezi kuvisha mtu pete ikiwa vidole vyake vina mchuzi.

Hata hivyo, tambi zenyewe hazina subira. Mchuzi wa karbonara ni kiini cha yai kilichopata joto la tambi tu, bila krimu, bila moto wa pili; ukipoa unaganda na kushikamana kama gundi. Kwa hiyo mpangilio ule unadai adabu kwa pande zote mbili. Jiko lisikimbize, na mlaji asiache sahani ipoe akitafuta pembe nzuri ya simu. (Nawaona wapiga picha wakinuna. Pigeni kianzio, hakipoi.)

Wapo watakaonipinga kwamba muda hauuzwi, upo nyumbani bure. Pika tambi zako, washa mshumaa, zima taa. Nalichukua pingamizi hili kwa uzito kuliko mengine yote, maana mara nyingi chakula cha nyumbani ni kitamu zaidi. Tatizo lake liko kwenye neno bure. Nyumbani mmoja kati ya wapendanao ndiye mhudumu, na tusidanganyane, tunajua mara nyingi ni nani. Anakula akiwa na sikio jikoni, ananyanyuka kufuata chumvi, na mwenziwe akimaliza kumwambia maneno matamu, yeye ana sufuria za kusugua. Risoto ya nyumbani ina dakika zilezile 18, ila zinatoka mwilini mwa mmoja wao, naye anazitumia akiwa amempa mwenzake mgongo. Mezani hotelini wote wawili wanakaa kwa pamoja na kunyanyuka kwa pamoja. Kwa ndoa ya miaka kumi na watoto watatu, usawa huo wa viti ni adimu kuliko zafarani.

Wengine watasema hii ni kasumba: kwa nini mapenzi ya Mswahili yahitaji Roma? Hapa pana mambo mawili. Kwanza, wazo lenyewe ni letu. Fungate, kabla haijawa jina la safari ya ndege, ilikuwa siku saba za maharusi kukaa ndani, hawatumwi, hawaulizwi, wanaletewa chakula na jamaa. Wazee wa Pwani walijua kwamba wapenzi wanahitaji kukingiwa muda na watu wengine, na kwamba kuna gharama, ila iligawanywa kwenye ukoo. Hoteli imechukua kazi ya shangazi na wifi, ikaitoza kwenye bili. Pili, tambi si mgeni wa jana. Tunazila futari na Idi, zimekaangwa zikapikwa kwa tui, sukari na iliki. Na mji kama Malindi una Waitalia tangu zama za mradi wao wa anga za juu ulioitwa San Marco, ambao mwaka 1967 ulirusha setilaiti kutoka jukwaa la baharini karibu na Ngomeni. Wapo wenyeji wa huko wanaozungumza Kiitalia cha ufukoni kilichonyooka, na wapishi wanaojua tambi imeiva kwa kuing'ata tu. Hata kwao Waitalia chakula hakina pasipoti: nyanya ilitoka Amerika, mpunga ulitoka Asia, na La Pergola, mgahawa wa hoteli iliyo juu ya kilima cha Monte Mario, ambao kwa miaka mingi ulikuwa peke yake mjini Roma kwa nyota 3, umejengewa sifa hizo na mpishi Mjerumani, Heinz Beck.

Pingamizi ambalo silijibu kwa wepesi ni la pesa. Kwa mwenye mshahara wa kuhesabu, bili ile ni ada ya shule, na hakuna hoja ya muda inayoweza kuifanya isiwe ada ya shule. Asiende. Wala asikope ili aende, maana atakaa pale akihesabu kila kipande cha mkate, na muda alioununua utaliwa na hesabu. Ninayezungumza naye ni yule ambaye pesa anazo na atazitumia kwa vyovyote. Huyo nataka ajue anastahili kupewa nini.

Na hapo ndipo ninapogombana na hoteli zetu, hasa kila ifikapo tarehe 14 Februari. Mtakatifu Valentino mwenyewe anaheshimiwa kama askofu wa Terni, mji ulio kaskazini mwa Roma, kwa hiyo kumpa chakula cha Kiitalia si kosa. Kosa ni namna. Usiku ule meza zinaongezwa mpaka viegemeo vya viti vinagusana. Menyu inafungwa iwe moja kwa wote, risoto inatoka sinia, na wateja wanapangwa kwa zamu mbili: wa saa moja waondoke saa tatu ili wa saa tatu waingie. Mpiga saksafoni anazunguka meza kwa meza na kusimama hasa pale mtu alipoanza kusema jambo. Juu ya meza kuna maua ya waridi yaliyochanwa chanwa ambayo inabidi uyasogeze upate pa kuweka glasi. Bei, bila shaka, imepanda. Yaani usiku ambao muda umepunguzwa kuliko siku zote za mwaka ndio unaouzwa ghali kuliko zote. Ikiwa hoja yangu ni sahihi, basi biashara nzuri kwa wapendanao ni Jumanne ya kawaida, ukumbi ukiwa nusu tupu, mpishi mkuu akiwa kazini na mhudumu akiwa na meza nne tu za kuangalia.

Meneja mmoja akinisikiliza atasema hoteli haiwezi kuishi kwa meza isiyogeuzwa, umeme na mishahara havilipwi kwa mahaba. Kweli. Basi atoze meza, aandike waziwazi kama wanavyoandika Waitalia: kiti kwa jioni nzima, bei kadhaa. Mteja atajua anacholipia na atajua cha kudai. Bei anayoizamisha leo ndani ya tambi inampa nafasi ya kupokea pesa za jioni nzima na kutoa saa mbili tu.

Kuna dalili ya mwisho, nayo huonekana baada ya kahawa. Katika mgahawa wa Kiitalia unaojiheshimu, bili haiji mpaka uiombe. Kuileta kabla ni sawa na mwenye nyumba kuanza kufagia wageni wakiwa wamekaa. Kwa hiyo chunga saa nne usiku, vikombe vikiwa vimekauka na makombo yamekwisha kupanguswa. Mwenzio bado ana jambo la kusema. Mtazame mhudumu. Akiwa amesimama kule mlangoni, macho ameelekeza upande mwingine, mikono nyuma, na kile kijitabu cha ngozi chenye bili bado kiko kaunta, basi endelea kumsikiliza mwenzio.